Sifuri za Msimu wa Korosho

Hadi leo nikisikia harufu ya karafuu, hugeuza uso. Chambo cha inzi wa matunda kilinukia hivyohivyo.

Nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu karibu na Mto Ruvuma. Inzi wageni walikuwa wanatoboa maembe na kuyajaza funza, na bwana shamba alitaka kujua wanaenea kutokea wapi. Akatugawia wanafunzi chupa za plastiki zenye chambo tukazitundike kwenye miembe ya kwetu. Kila Jumamosi unamwaga inzi waliokufa, unawahesabu, unaandika. Shamba lenye inzi hutiwa nukta nyekundu kwenye ramani.

Sasa, huo ulikuwa msimu wa korosho. Jumamosi tulishinda tumeinama mikoroshoni tukiokota, na jioni tukaandika sifuri bila kuitazama chupa. Mimi pia. Rafiki yangu Anjelina tu ndiye aliyehesabu. Baba yake, Mzee Adriano, alihamia kutoka Msumbiji. Hakuwa na mikorosho, aliishi kwa kuuza maembe. Anjelina aliwapanga inzi mmojammoja kwa njiti ya kibiriti.

Ramani ilipobandikwa kwenye mkutano wa kijiji, nukta zote zilikuwa kwao.

"Kumbe mmewaleta nyie," shangazi yangu Somoe alimwambia Mzee Adriano. "Mmevuka nao mto."

"Mama, mimi nilivuka na jembe. Miaka yote hii hao inzi walikuwa wananisubiri nini?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya.

"Kata hiyo miembe," mtu akasema nyuma, "au tukukatie."

Nyumbani tulifundishwa "mgeni njoo, mwenyeji apone". Siku ile methali hiyo sikuisikia kwa mtu yeyote. Anjelina alinitazama, kila Jumamosi alikuwa ananiona na kikapu cha korosho. Nikaangalia vidole vyangu, vyeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, nikavificha mgongoni.

Miembe ilikatwa wiki hiyohiyo. Msimu uliofuata, maembe yetu yalioza kwa funza vilevile.

Ilinichukua miaka kuelewa jambo ambalo sasa nawaeleza wanafunzi wangu polepole: nukta kwenye ramani haionyeshi tu inzi alipo, inaonyesha pia nani alikwenda kutazama. Kama hukwenda, mwanangu, usiandike sifuri. Andika "sikutazama"; sitakugombeza. Kwetu, mtoto mmoja tu aliandika kweli, na ni miti ya baba yake tuliyoikata.