Mgomba Tuliouzika Gare

Darasa la saba ndipo nilipoishia, tena karibu na mkia. Leo watu wenye digrii husoma maneno yangu mbele ya kamera, na wakiyapinda mimi ndiye ninayewanyoosha. Tamthilia za kutisha, za viumbe wa nyota nyingine, waulize wenye kazi hiyo hapa nchini ni nani aliyezipa uzito. Sikufundishwa na mtu. Kwa hiyo haya yasichukuliwe kuwa ya mtu asiyejua kazi yake. Naijua. Ila siku ile ya Gare mpaka sasa sijaielewa.

Tulikuwa tunamalizia msimu wa kwanza wa tamthilia yangu. Katika sehemu ya mwisho, kiumbe aliyeanguka kutoka angani na kuzikwa na wanakijiji anafufuka. Wenye televisheni walisema wakiipenda hiyo, tunapewa msimu wa pili. Nikaleta kikosi nyumbani kwetu Gare, milimani, maana shambani kwa mama ukungu ni wa bure. Dar tungekodi mashine ya moshi. Mama alikuwa Rangwi kwa dada yake. Tukachimba kaburi kwenye maharage, chini ya miti ya plamu, refu la kwelikweli. Mimi sipendi kazi ya kubabaisha.

Mama akarudi kabla hatujawasha kamera. Wa kwanza kukutana naye alikuwa mwigizaji wetu, amevaa kichwa cha kiumbe nilichobuni mwenyewe, cha sponji ya godoro, meno mpaka kidevuni.

"Shikamoo mama," akasema kutoka mle ndani.

"Marahaba, mwanangu. Humo unapumua kweli?"

Hakushtuka hata kidogo. Iliniuma. Halafu akaliona shimo, akatua kikapu.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama. Ni la kuigiza."

"Kaburi haliigizwi. Likishafunguliwa linataka mtu wake. Hapa nyumbani mkubwa nani?"

Mkubwa ni yeye. Akaketi juu ya jiwe, akasema haingii ndani wala hanywi maji mpaka lizikwe inavyotakiwa.

Kwetu kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu. Huzikwa mgomba badala ya mtu. Nimelelewa humo, nilijua. Sasa nilisahauje? Labda nililiandika shimo lile mara nyingi mno, likawa la kwenye karatasi tu. Sijui.

Mwongozaji akanivuta pembeni. "Kaka, tupige picha kwanza, tuzike baadaye."

"Mwambie mwenyewe."

Akamtazama mama pale kwenye jiwe. Hakwenda.

Basi mgomba nikaukata mimi. Majirani wakaja na majembe, habari ilishawafikia bila mtu kutumwa. Shina likavishwa shuka jeupe. Mmoja mmoja wakanishika mkono, "Pole sana," nami naitikia "Asante," pole ya nini sijui. Tulipokwisha kulishusha, mzee wa kanisa akauliza kama kuna wasifu wa marehemu. Nikadhani ananitania. Hakucheka. Wote wakanigeukia.

Nikasema ninachokijua. Kwamba kwao ni mbali, chombo chake kiliharibika juu ya milima hii, hakujua lugha ya mtu yeyote, watu wakamwogopa, wakampiga mawe. Maneno hayo nimeyatambia vikaoni na kupigiwa makofi. Pale mbele ya mgomba niliishia kwenye hayo mawe, ikabidi mzee wa kanisa anishike bega.

Tukafukia. Mama akainuka, akaingia jikoni kuwasha moto, nami nikamfuata. Hajawahi kumaliza kutazama hata sehemu moja ya kazi yangu. Husema zinamtia usingizi.

"Yule," akasema huku akipuliza kuni, "mama yake kaambiwa?"

Msimu mzima niliuandika mimi, na hakuna mahali nilipompa kiumbe yule mama.

"Bado."

"Mmh. Na nyie mlishamzika."

Nje mwongozaji alikuwa anazunguka gari. Nikamwambia kiumbe hafufuki tena.

"Sasa inaishaje?"

Nikamwambia sijui, ila wasipakie kamera.