Msomi Asiyechagua Chakula

Jirani yetu hapa Kishanda anasomea shahada ya uzamili ya uchumi, na tangu arudi likizo kidole chake hakitulii. Huchora mistari iliyopinda mezani, hewani, hata kwenye vumbi la pikipiki yangu. Kila mstari, anatueleza kwa sauti ya padri, unathibitisha kwamba mlaji mwenye akili timamu haoni tofauti kati ya sahani moja ya senene, wale panzi watamu wa kukaanga tunaowagombania hapa, na mbili za maharage. Jana mama yake alimwamini. Alimpakulia sahani mbili za maharage, senene akatugawia sisi majirani. Msomi alifuatilia kila mkono ulioingia kwenye bakuli, kidole kimetulia kabisa.

"Mama," alisema taratibu, "ile ilikuwa nadharia."

"Najua, mwanangu," mama akajibu, akimwongezea maharage.