Kahawa Tuliyoiacha Wawili

Mume wangu alipoambiwa na daktari aache kahawa, alingoja mpaka tukafika nyumbani Moshono. Akavua koti, akakaa mezani, akasema, "Mama, hili siliwezi peke yangu."

Tulikuwa tumeoana muda mrefu, watoto wote wameshaondoka na kushika maisha yao, na sikumbuki kama aliwahi kukiri mbele yangu kwamba kuna jambo limemshinda. Moyo wake ulikuwa umeanza kuruka mapigo. Mwanzoni alidai ni gesi. Kisha siku moja, akiwa kazini kwenye upimaji wa viwanja, alishika mti akashindwa kuuachia, na mwenzake akanipigia simu. Niliingia naye kwa daktari, nikasikia kwa masikio yangu. Chumvi apunguze, nyama ya mafuta apunguze, kahawa aache kabisa.

"Basi tutaacha wote," nikamwambia.

Akanishika mkono. Hilo nalikumbuka kwa sababu si mtu wa kushikana mikono.

Kwa wengine litaonekana jambo dogo. Lakini kahawa nilifundishwa na yeye. Mimi nimekulia kwenye chai ya maziwa. Yeye ni mtu wa mlimani, wa upande wa Wameru, na kwao migomba na mibuni imezunguka nyumba mpaka mlangoni. Nilipoolewa, mama mkwe, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyenionyesha namna ya kukaanga buni kwenye kikaango cha chuma bila kuziunguza, na kuzitwanga zikiwa bado zina joto. Tukawa tunaletewa buni zetu kutoka shamba la kwao kila msimu. Kila asubuhi, kabla redio haijawashwa, tulikunywa wawili jikoni, yeye bila sukari, mimi na sukari kidogo. Mume wangu ni mtu mkimya. Kwa siku nzima ungeweza kumsikia akisema "sawa" na "nitaona". Ila pale jikoni, kikombe mkononi, aliongea. Mambo ya watoto, ya ujenzi, ya ndugu zake, yote tuliyapanga pale. Kwa hiyo niliposema tutaacha wote nilijua ninachokitoa. Nilijua pia kwamba nikiendelea kuikaanga humo ndani, harufu tu ingemrudisha. Buni zilizobaki nikampa jirani, na kikaango nikakifungia stoo.

Kichwa kilianza kuuma siku iliyofuata, mchana, nikiwa darasani. Ninafundisha sekondari. Kilianzia nyuma ya macho, kikashuka shingoni, kikakaa huko kama mtu aliyekuja kuhamia. Ilikuwa miezi ya baridi, ile ambayo Mlima Meru hauonekani wiki nzima na manyunyu ya ukungu yanalowesha nguo kwenye kamba, na mimi nilikuwa natoka jasho. Mwanga wa dirishani ulinichoma. Wanafunzi wakiburuta madawati, meno yalinisisimka. Kwenye chai ya saa nne walimu wenzangu walimimina chai yao nyeusi kama kawaida, mimi nikajaza kikombe maji ya moto.

"Mwenzetu umefunga?" mmoja akauliza.

"Nimeacha kafeini," nikasema, na wakacheka kwa lile neno.

Nilifikiri kitakuwa kichwa tu. Hakuna aliyeniambia kuhusu huzuni. Nilikuwa nalia kwa vitu vya ajabu, kwa wali ulioungua, kwa mtoto aliyepiga simu akakata haraka. Usingizi ulinikamata nikisahihisha madaftari, nikaamka na wino shavuni. Jumamosi moja nililala mpaka sala ya jumuiya ikapita, mimi ambaye ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Tumbo likafunga. Mwalimu mwenzangu ambaye mumewe ni mganga wa zahanati alinionea huruma akaniambia, "Hukutakiwa kukata ghafla, dada. Ungepunguza. Leo robo tatu ya kikombe, wiki ijayo nusu, mwili uzoee." Nikamwambia siwezi kuwa na hata robo ndani ya nyumba, mume wangu atashindwa.

Mume wangu hakuwa na dalili yoyote. Nilimstaajabia. Alikuwa amekunywa kahawa tangu utotoni, kuliko mimi, na kichwa hakikumuuma hata siku moja.

"Ni akili tu," alinieleza. "Ukiamua, umeamua."

Jioni alirudi akiwa mchangamfu, mara nyingine amechelewa, na vidonge vya kichwa mfukoni, amenipitia duka la dawa. Alinikalisha kitini, akanifunika khanga, akaniambia nivumilie, karibu itapita. Niliona aibu kwamba mgonjwa ndiye anayeniuguza mimi. Asubuhi tulikaa jikoni na uji wetu, na hatukuwa na la kusema. Nilijiambia maneno yatarudi tukishazoea.

Jumuiya ilipofanyika kwetu, alisimama kutoa ushuhuda. Si kawaida yake. Akamshukuru Mungu kwa kumtoa kwenye kifungo cha kahawa, akasema moyo sasa unapiga sawasawa. Watu wakapiga makofi. Mwinjilisti akasema ni mfano kwa wanaume wa mtaa ule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vitumbua, kichwa kinagonga, na nilijisikia fahari. Ndivyo ilivyokuwa.

Baadaye kidogo wifi yangu, dada yake mume wangu anayekaa karibu na Makumira, aliteleza uani akavunjika kifundo cha mguu. Siku moja nilitoka kazini mapema, nikabeba ndizi na maziwa mgando, nikaenda kumwona. Sikumwambia mume wangu kwa sababu wazo lilinijia hapo hapo shuleni. Wifi nilimkuta sebuleni, mguu umewekwa juu ya stuli, na akafurahi sana. Kabla sijakaa vizuri alivuta chupa ya chai iliyokuwa pembeni yake, akamimina kikombe. Harufu ikanifikia. Ilikuwa kahawa ya kwao, ile ile.

"Kunywa haraka, wifi," akasema, "mwenyewe akifika haachi hata tone."

"Mwenyewe nani?"

"Kaka yangu. Si hupita hapa kila jioni?"

Nikakishika kikombe bila kunywa. Wifi akaona uso wangu, na kwa kuwa ni mtu mwema akajaribu kurekebisha, akazidi kuharibu.

"Usimkasirikie. Sisi tunajua umemkataza kwa kumpenda. Lakini na wewe umezidi kidogo, wifi. Mpaka kugawa buni zote? Alisema ukisikia hata harufu kwake unawaka. Mwanaume mzima ananywea kwa dada yake kama mtoto aliyeiba sukari."

"Yeye ndiye alisema nimemkataza?"

"Eh, yeye. Alisema daktari alimwambia apunguze tu, ila wewe ukakaza."

"Na alikwambia kwamba mimi nimeacha?"

Wifi akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Wewe? Wewe uache kwa sababu gani?"

Nilikaa pale nikisikiliza habari za mguu, za plasta, za nauli ya kwenda hospitali, mpaka gari likasimama nje. Aliingia anaongea tayari. "Dada, leo baridi, nitilie ile nzito." Kisha akaniona. Dada yake, kwa mazoea, alikuwa ameshasogeza kikombe upande wake, kikombe kikubwa cha udongo ambacho sijawahi kumwona nacho. Akakaa. Hakukigusa.

"Kunywa," nikasema.

"Mama, tutaongea nyumbani."

Tuliongea garini, maana nyumbani nilikuwa sitaki kufika. Foleni ya kuingia mjini ilikuwa ndefu, magari ya utalii na malori, na alikuwa na kitu cha kutazama mbele badala ya kunitazama mimi.

"Ulianza lini?"

"Wiki ile ile ya kwanza."

"Ya kwanza."

"Kichwa kilikuwa kinaniuma sana, mama. Wewe hujui."

Hapo nilicheka, na kicheko kilinitisha hata mimi. Nikamuuliza mimi nisichokijua ni kitu gani. Akasogeza gari kidogo. Nikamuuliza kwa nini aliniacha niugue vile kila siku, yeye akija na vidonge huku kahawa iko mdomoni mwake.

"Wewe ulikuwa unaendelea vizuri," akasema. "Niliona nikikwambia nitakuvunja moyo."

"Na kwa nini uwaambie ndugu zako nimekukataza?"

"Ni maneno tu ya kuongea. Ningewaambiaje? Kwamba nimeshindwa?"

Hakuna tusi lililopita kati yetu. Tulifika, nikapika, tukala. Mwanangu wa kwanza alipopiga simu nikamsimulia, nikitegemea atasema kitu. Akasema, "Lakini mama, si kahawa tu?" Nikamwambia ndiyo, kahawa tu, nikamuuliza wajukuu wanaendeleaje.

Mume wangu aliomba msamaha kwa njia yake. Alipanda mlimani, akarudi na mfuko wa buni, akauweka juu ya meza ya jikoni, akatoka. Nilitoa kikaango stoo nikazikaanga, si kwa ajili yake. Nilitaka changu. Nikatwanga, nikapika, nikatia sukari kidogo kama zamani, nikanywa kikombe kizima nikiwa peke yangu. Kabla sijasuuza kikombe mikono ilikuwa inatetemeka na moyo unakwenda mbio, na usiku huo sikupata usingizi. Nikajaribu tena nusu, nikajaribu robo, kama alivyoshauri yule mwalimu, ila sasa ili niirudie. Mwili ulikataa. Na ladha yenyewe haikuwapo, ilikuwa makaa na maji. Mfuko uliobaki nikaupeleka kwa jirani yule yule, akanishukuru na kunisifu kwa ukarimu.

Daktari alipompima tena alimkuta vizuri. Dawa zilikuwa zinafanya kazi. Akamwambia kwa kuwa amejitahidi hivyo, kikombe kimoja kidogo asubuhi hakina shida. Safari hii pia niliingia naye. Daktari alinigeukia akasema, "Hongera mama, umemsaidia mzee." Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Tangu hapo anajipikia mwenyewe, ya unga wa dukani, na mimi nachelewa kutoka chumbani mpaka nisikie mlango wa mbele umefungwa.

Desemba tulipanda kwao kwa kipaimara cha mtoto wa mdogo wake. Watu walijaa uani chini ya maturubai, nyama imechomwa, ndizi zimepikwa kwenye masufuria makubwa. Niliwaamkia wakubwa wote, shikamoo kwa huyu, shikamoo kwa yule, nikapewa kiti karibu na baba mdogo wa mume wangu, mzee mcheshi ambaye kila mtu anampenda. Kahawa ikaanza kupitishwa. Mzee akanizuilia kikombe kwa mkono, akapaza sauti ili meza nzima isikie.

"Huyu msimpe. Huyu ndiye aliyemnyima kijana wetu kahawa ya baba yake."

Wakacheka wote, kwa upendo, jinsi watu wanavyocheka na mkwe waliyemzoea. Wifi yangu aliinamisha kichwa akatazama sahani yake. Mimi nikamtazama mume wangu. Alikuwa ng'ambo ya meza, na ingemchukua sentensi moja. Wala sikutaka sentensi ya kumwaibisha. Hata angesema, "Hapana baba, naye aliacha," ingenitosha.

Naye akacheka.

Nikainuka nikasema naenda kusaidia vyombo. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wanaosha kwenye mabeseni, maji ya mfereji kutoka juu, ya baridi mpaka mifupa inauma. Wakanipisha nafasi. Mmoja akaniuliza mbona nimekuja mapema hivyo, chakula bado kipo. Nikamwambia nimeshiba, nikakunja mikono ya gauni, nikachukua sufuria la kwanza.