Binti Yangu Anasoma Jumamosi

Enzi zetu pale Kilwa Kivinje, mtoto alikuwa mtuhumiwa tangu anapofumbua macho. Ninyi wa rika langu mtanielewa. Unarudi nyumbani jioni, umetulia kama hukufanya lolote, Bibi anakuita: "Njoo hapa. Lete mkono." Anapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukitokea mstari mweupe, basi ulikuwa baharini ukiogelea, na fimbo ipo tayari nyuma ya mlango. Tukawa wajanja, tukajisuuza kisimani kabla ya kurudi. Bibi naye akaacha ukucha, akaanza kutulamba bega. Chumvi haikumpita.

Msimu wa korosho ulikuwa na upelelezi wake. Tulikaanga za wizi juu ya kipande cha debe huko vichakani, moshi ukituwasha macho, na kwa pupa tukazibangua kwa meno kabla hazijapoa. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza vibaya. Mama hakuwa na haja ya kuuliza. Alitupanga ukutani kabla ya chakula, akatutazama midomo, na mwenye malengelenge alikula ming'oko mitupu, ile mizizi ya porini tunayochemsha, huku wenzake wakiila na samaki wa kuchoma. Doa la bibo, tunda la mkorosho, kwenye shati nalo lilikuwa ushahidi wa kutosha, maana halikutoka kwa sabuni yoyote. "Mimi sikuzaa malaika," Mama alipenda kusema. "Nimezaa ninyi."

Hata kwenye kombolela, mchezo wetu wa kujificha, tulishukiana. Anayehesabu tulimfunga kanga machoni, na bado mmoja wetu alisimama nyuma yake kuhakikisha hachungulii. Vijana wa leo hawayajui hayo. Mtoto anachelewa kurudi, mzazi anamtumia ujumbe wenye vikatuni vinavyocheka. Ujumbe wetu sisi ulitua mgongoni.

Niliamini hayo ndiyo malezi, nikayabeba mpaka uzeeni. Hapo ndipo nilipoharibu.

Binti yangu Sharifa alirudi kwangu Kilwa Masoko akiwa na mtoto wa miaka mitatu, Idrisa. Baba wa mtoto alikwishajiondokea. Sharifa akajiunga na chuo kikuu kwa masomo ya masafa, ya kusomea nyumbani. Siku za kazi alishona nguo kibarazani, kitabu kimefunguliwa kando ya cherehani, Idrisa akimvuta sketi. Jumamosi aliniachia mtoto, akaenda kwenye chumba karibu na soko ambacho yeye na wanachuo wenzake walikikodi kwa sababu ya umeme na mtandao.

Mimi sikuamini, na wazee wenzangu pale kwa kinyozi wakanichochea.

"Chuo gani hicho kinafunguliwa Jumamosi?" mmoja akauliza.

"Muulize kama anapaka wanja akienda," mwingine akadakia, wakacheka mpaka kinyozi akasimamisha mashine.

Nikaenda kuchunguza. Kweli alipaka wanja. Aliporudi nikavikagua viatu vyake kama vina mchanga wa pwani. Mwisho nikamhoji Idrisa: mama huongea na nani kwenye simu? Akasema, "Na Anko." Nikaona kesi imekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilimbeba Idrisa nikamfuata mama yake. Mlango wa chumba kile ulikuwa nusu wazi. Sharifa alikuwa mbele ya kompyuta, na kijana mmoja ameinama karibu yake akishikilia waya kwenye soketi iliyolegea. Sharifa aliponiona akainua mkono. "Baba, subiri kidogo. Nina jaribio."

"Jaribio gani chumbani na wanaume?" Nikamweka Idrisa mapajani pake. "Mlee mwenyewe mwanao. Mimi si yaya wa starehe zako."

Idrisa akaangua kilio, akarusha miguu, waya ukachomoka na kioo kikawa cheusi. Yule kijana, ndiye Anko mwenyewe, mwanachuo mwenzake tu, akageuka kwangu. "Shikamoo mzee. Jaribio hili lina muda wake. Likikatika halirudi."

Sikumwitikia. Niliondoka.

Halikurudi kweli. Sharifa alifeli somo lile, ikambidi asubiri mwaka mzima alirudie. Hakunigombeza. Chai yangu ya asubuhi niliikuta mezani kama kawaida. Ila Jumamosi zilipofika, Idrisa alipelekwa kwa jirani yetu Mama Tatu, muuza vitumbua, na Sharifa akawa anamshonea nguo kwa wema huo. Nilimwomba radhi. "Yameisha, baba," alisema. Nikadhani yameisha.

Wiki iliyopita alikuwa anakwenda Lindi kuufanya mtihani wa somo hilohilo. Nilimkuta asubuhi anamvalisha Idrisa.

"Mwache kwangu, mwanangu," nikamwambia. "Nitampikia uji, tutacheza."

Akaendelea kufunga vifungo vya shati. "Mtoto najua utamtunza, baba. Ila nikiwa kwenye mtihani nataka niwaze mtihani tu. Sitaki nitazame mlango nikidhani utaingia."

Niliwabebea mkoba mpaka kwa Mama Tatu, nikarudi peke yangu.

Enzi zile mama zetu walimwacha mtoto mchanga katika nyumba yoyote yenye mtu mzima, wakaenda shambani kutwa nzima. Akilia, jirani alimnyonyesha. Nyumba zilikuwa za makuti na milango yake ni pazia. Leo nyumba yangu ina bati na kufuli, babu nimo ndani na afya yangu, na mjukuu wangu anakunywa uji nyumba ya pili. Asubuhi ile nilimsikia akicheka ng'ambo ya ukuta. Nikazima redio ili nimsikie vizuri.