Shoka na Barafu za Matunda

Kabla hajajulikana kwa barafu za matunda, mtu huyu alijulikana kwa kuvunja mifupa. Alifanya kazi kwenye bucha moja pembeni mwa soko, na kwa kuwa paja la ng'ombe alilitenganisha kwa mapigo mawili tu, watu walimbandika jina la Shoka. Likamganda. Hasira zake nazo zilikuwa za karibu. Aliwahi kumng'oa mteja meno mawili kwa kosa la kuruka foleni, na kesho yake akampelekea kilo ya maini kumwomba radhi. Mteja alipokea maini, lakini hakurudi tena bucha ile.

Mkewe alifariki akijifungua, akamwachia binti mmoja mwembamba asiyetulia. Walimwita Nyenyere, kwa sababu palipo na kitu kitamu hukosi kumkuta. Baba na mwana waliishi chumba kimoja, na chumba cha pili aliishi dada yake Shoka, fundi cherehani, aliyemsaidia kulea.

Nyenyere alipokuwa na miaka saba, wanafunzi sita wa shule yao waliugua siku moja. Yeye alitapika na kuhara mpaka macho yakadidimia na ngozi ya tumbo, ukiifinya, ikabaki imesimama. Siku ya tatu ya dripu, daktari alimvuta Shoka kando.

"Ni maji machafu. Mtoto amekula au kunywa nini?"

Shoka akamwinamia binti yake. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Barafu, baba," Nyenyere alinong'ona. "Ile nyekundu ya Kengele."

Kengele alikuwa muuza barafu wa kona ya shule, aliyesukuma baiskeli yenye sanduku nyuma na kengele kubwa ya shaba kwenye usukani. Shoka aliinuka akatoka. Dada yake alimkimbilia mpaka geti la hospitali akimwita, "Kaka! Hasira hasara, kaka!" lakini ungedhani anaiambia mvua isinyeshe.

Alimkuta Kengele ameinama juu ya sanduku lililo wazi. Hapakuwa na salamu. Alimshika kisogo akambamiza uso kwenye ukingo wa sanduku, mara moja, mara mbili. Kengele aliteleza, akajaribu kusimama, akainua mkono: "Ngoja, ndugu yangu, ngoja nikwambie..." Teke la mbavu likamkata kauli. Baiskeli ilianguka, na barafu nyekundu zikatapakaa lami, zikayeyuka na kuchanganyika na damu hata usijue ipi ni ipi. Shoka aliing'oa ile kengele ya shaba kwenye usukani akampiga nayo usoni. Pigo la tatu lilipasua jicho la kushoto. Aliendelea kupiga. Watu watano ndio waliomwondoa, na mmoja wao aliondoka na kidole kilichoteguka.

Hakimu alimpa miaka mitatu. Kule jela alivunjwa mbavu moja na yeye akamvunja mtu pua, kwa hiyo asije mtu akasema jela ilimfundisha upole.

Alipotoka, Nyenyere alikuwa na miaka kumi. Alisimama nyuma ya shangazi yake, akasema "Shikamoo" kwa mbali kama anamsalimia mgeni wa jirani. Shoka alipoinua mkono kujikuna kichwa, mtoto alifumba macho. Baba hakuwahi kumpiga hata siku moja. Lakini shuleni walishamwambia habari zote, na chumvi juu yake.

Bucha ilimkataa. Akapata kazi ya kupakua matunda sokoni, akawa anarudi na yaliyoiva kupita kiasi ambayo wachuuzi hawakuyataka. Siku moja ya joto kali akamsikia Nyenyere akimbembeleza shangazi yake barafu.

"Miaka mitatu nakwambia hapana," shangazi alijibu bila kunyanyua macho kwenye cherehani. "Hujasahau ilikotufikisha."

"Nitakutengenezea mimi," Shoka alisema.

Nyenyere akamtazama, mara ya kwanza usoni. "Wewe?"

Alianza vibaya. Juisi tupu ya machungwa, kwenye friji la kuazima, iliganda ikawa jiwe, karibu imvunje mtoto jino. Ya pili ilikuwa na embe, laini kidogo.

"Baba, hii ina ladha ya sabuni."

"Sabuni imetoka wapi?"

"Hujasuuza vikombe."

Polepole alijua. Ndizi mbivu yenye madoa meusi inatosha kuleta utamu na ulaini, sukari ya nini? Papai linataka matone ya ndimu. Nanasi likipondwa na karoti, mtoto anakula karoti bila kuambiwa. Pasheni lazima ichujwe. Maji aliyachemsha mpaka yakatokota kwa nguvu, akayafunika, akayaacha yapoe yenyewe, na ole wake atakayetia kikombe kichafu kwenye sufuria ile. Alinawa mpaka viwikoni kama daktari wa upasuaji. Rangi hakutia hata tone. Embe lina rangi yake.

Majirani walianza kutuma watoto kununua. Mwanzoni waliwatuma wakiwa wawili wawili, kwa woga. Mama mmoja wa nyumba ya mbele aliwachekesha wenzake: "Mkono ndio ulikosa jamani, nanasi halina kesi."

Habari haikai kwenye kikapu. Jumamosi moja mchana, Shoka akiwa uani anamenya nanasi mezani, mdogo wake Kengele aliingia. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana wa mabega mapana, na mkononi alishika kipande cha nondo.

"Kaka yangu umemtoa jicho, umemtoa na kazi. Leo wewe ndiye muuza barafu?"

Shoka alifungua mdomo. Nondo ikashuka. Mkono wa kulia ulivunjika chini ya kiwiko, kwa mlio alioujua vizuri tangu buchani. Kisu kilidondoka. Pigo la pili lilikuta bega, la tatu likapasua meza, vikombe vikaruka na maji ya embe yakamwagikia miguu yao. Shoka alianguka kwenye majimaji yale, na mkono wa kushoto ukaangukia kisu. Ukakishika. Fundi alikuwa amesimama juu yake, tumbo wazi, mikono yote miwili ikiwa hewani na nondo. Sehemu ya kuchoma Shoka aliiona, hakuhitaji kufikiri.

"Baba, usimtoboe!"

Nyenyere alikuwa mlangoni. Hakusema "baba, kimbia," wala hakumwombea baba yake. Alimwombea yule mwenye nondo.

Shoka alikirusha kisu juu ya ukuta. Nondo ikamshukia mbavuni, hewa yote ikamtoka. Akajikunja akasubiri nyingine, na nyingine ikaja, mgongoni.

Ya tatu haikufika. Dada yake alikuwa ametoka na pasi ya mkaa, ile ya chuma iliyojaa moto, akaizungusha kwa mikono miwili ikamkuta fundi katikati ya shingo na bega. Kifuniko kilifunguka, makaa yakamwingia ndani ya shati. Kijana alilia kilio ambacho mtaa mzima ulikisikia, akaachia nondo, akajigaragaza chini akijipiga kifua. Dada mtu akainua pasi tena. Yeye aliyehubiri hasira hasara miaka kumi! Majirani walimwahi, la sivyo pasi ingeshuka kichwani.

"Tuite polisi," mtu alisema.

"Msiite," Shoka alisema kutoka chini, akitema damu. "Mummwagie maji, mumpeleke hospitali. Akiingia kule nilikoingia mimi, atatoka kama nilivyotoka."

Baada ya siku kumi Kengele mwenyewe alikuja, mchana, peke yake. Jicho la kushoto lilikuwa limeshonwa likafungika. Shoka, mkono kwenye plasta, alimsogezea kigoda.

"Mdogo wangu anaendelea," Kengele alisema. "Kovu litabaki."

"Pole."

"Yale maji nilinunua kwa mtu wa mkokoteni. Aliniapia ni ya bomba. Mwanangu naye alilazwa, wodi ile ile, kitanda cha mlangoni. Nilitoka kumwona nikaenda pale kona nikafungua sanduku nizimwage zote. Ndipo ukanikuta."

Shoka alihisi kama nondo imemrudia mbavuni. "Nilidhani unauza."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema ngoja. Na mahakamani nilisema. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa, huambiliki."

Shoka alilia, bila kujificha. Kengele hakumbembeleza. Aliangalia trei ya barafu aliyokuwa ameiweka kando yao dada mtu, akachukua moja, akaigeuza.

"Vijiti vyako vimelala kama walevi," alisema. "Unavitia mapema. Acha ishike kwanza saa moja, iwe kama uji mzito, ndipo utie kijiti. Na maji unachemsha vipi?"

Wasidanganywe watu kwamba walikuwa marafiki. Mkono wa Shoka uliunga vibaya, haukuweza tena kukamua wala kuponda, kwa hiyo Kengele akawa anakuja Jumanne na Jumamosi. Mmoja anachemsha, mwingine anamenya, maneno machache. Yule fundi hakukanyaga tena uani. Dada mtu naye hakuomba msamaha. "Akija na chuma tena, nina mkaa tena," ndilo jibu lake. Nyenyere peke yake ndiye aliyekaa katikati yao kila mara, akilamba vijiko na kuwasahihisha wote wawili.

Siku ya kwanza Kengele alipolipeleka sanduku kwenye kona ya shule, safari hii lenye papai na nanasi, wazazi wawili waliwavuta watoto wao mkono wakavuka barabara. Wa tatu alisimama, akauliza maji yamechemshwa na nani. Akajibiwa, na Shoka. Akafikiri kidogo, kisha akachukua nne.