Fonti ya Harusi

Gari kutoka Katilu lilivunjika springi likaniacha Lodwar. Fundi akasema tutaondoka kesho, kauli niliyoisikia katika lugha sita na bado sijaiona ikitimia. Nikatafuta mahali penye feni. Nilipata ofisi ya Etabo.

Etabo hutengeneza kadi za harusi. Ndiyo kazi anayoijua: maua pembeni, herufi zenye mikia, majina ya maharusi yamepindapinda kama minyoo. Kisha shirika moja la kufunza walimu likampa kazi ya fomu ya PDF, watu wajaze kwenye simu. Akaitengeneza kama kadi ya harusi, kwa herufi zilezile. Akaifungua kwenye laptopu yake, akaipenda, akaituma Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Hakuijaribu kwenye simu yoyote, hata yake mwenyewe.

"Kwangu inafunguka," aliniambia, kwa fahari ya mtu aliyejenga daraja likaishia katikati ya mto.

Eugénie aliingia bila hodi. Alikuwa mwalimu Kongo kabla ya kukimbilia Kakuma, na alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo kwa fomu hiyo ili arudi darasani. Orodha ilikuwa inafungwa siku hiyo.

"Ejok, papa," akasalimu kwa Kiturkana. "Banasema jina yangu si jina."

Etabo akafungua fomu ya Eugénie kwenye laptopu. Kwenye nafasi ya jina palikuwa na Eug, kisanduku kitupu, kisha nie. Halikulingana na kitambulisho, basi akakataliwa.

"Umeandika vibaya, mama."

Eugénie akamsogezea simu yake hadi puani. Humo jina lilikuwa zima. Simu ilikuwa imetumia fonti yake yenyewe, mtindo wake wa herufi; laptopu ilitii ile ya harusi, isiyo na é. Aliyeichora hakuwahi kumwoza mtu wa jina hilo.

"Toa hicho kikofia," Etabo akasema. "Majina ya Waturkana hayavai kofia."

"Na kichwa yako, papa, inavaa nini? Upepo?"

Kelele zikamleta Nangiro, afisa wa lile shirika, kutoka mlango wa pili. Akataka kusomewa wote waliokataliwa. Etabo akasoma: Inès. Désiré. Noël. Zoé. Alifika mwisho ndipo akainua uso.

"Mkubwa, hawa wote ni wa kofia!" Alisema hivyo kama mtu aliyegundua mafuta.

"Bwana Etabo," Nangiro akasema, "weka herufi za kawaida, zenye kofia zote. Halafu uende Kakuma, ukaijaribu kwenye simu zao, mbele ya macho yao. Orodha itafungwa ukirudi."

Etabo akabadilisha, huku akiguna. Eugénie akajaza upya palepale kwa simu yake. Faili likafunguliwa kwenye laptopu, likafunguliwa tena kwenye kompyuta ya Nangiro. Jina lilikuwa zima kote. Eugénie hakushukuru, na sikuona sababu ya kushukuru.

Gari la Kakuma lilipokuja alikaa mbele kando ya dereva, akamwachia Etabo kiti cha nyuma chenye magunia. Etabo alikumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa. Mimi nilibaki mlangoni, na feni ambayo nilikuwa nimeshajua haizunguki.

Gari liliondoka Etabo akiwa ameinama mbele, anamweleza Eugénie kwamba herufi hizi mpya hazina mvuto hata kidogo.