Sufuria ya Sombe kwa Mlinzi wa Zizi

Nikisikia harufu ya klorini juu ya nyasi kavu, hasira yangu ya utotoni huamka kabla sijajua imetoka wapi. Halafu nakumbuka: ni kile kituo cha wanyama waliopotea, nje ya Saint Paul, alikofungiwa mbuzi wetu.

Baba alikuwa amenunua mbuzi jike mwenye mimba, akamweka uani kwa rafiki yake Mkenya kule Inver Grove Heights. Ndiye mnyama wa kwanza kuwa wake tangu tulipokimbia Congo. Alimwita Neema, na Mama alikuwa akimtania kwamba siku hizi mbuzi anasalimiwa kabla yake. Siku moja Neema akaruka ua, akaokotwa barabarani, akafungiwa kituoni pamoja na mbwa.

Kwetu milimani kulikuwa na zizi la mifugo iliyopotea. Mwenye mali alikuja, akamwita mnyama wake, mnyama akiitika kesi imekwisha. Lakini hakumchukua papo hapo. Alirudi kwanza nyumbani kumtafutia mlinzi shukrani, maana mlinzi ndiye aliyemlisha. Kumswaga mnyama mikono mitupu ilikuwa aibu, karibu sawa na kumwiba.

Basi Baba alikwenda kituoni peke yake, na Kiingereza chake cha kuokoteza. Akamwita Neema, Neema akalia, mama wa mapokezi akatabasamu. Baba akarudi nyumbani akiimba, bila kutia sahihi popote. Mama akapika sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu, akaifunga kwa kitenge, na baada ya Jumapili tukaenda, mimi nikiwa mkalimani.

Yule mama wa mapokezi alitueleza kwa sauti kubwa, kana kwamba tulikuwa viziwi: hakuna aliyejitokeza kumdai mbuzi, muda wa kumdai umekwisha, amepewa watu wengine. Niliyatafsiri maneno yale nikitamani kuyatema.

Baba akaiweka sufuria mezani.

"Umwambie ni ya kumushukuru. Alimulisha mbuzi yangu."

Nikamnong'oneza kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto, kwamba hawastahili hata jani moja.

"Umwambie."

Nikamwambia. Mama wa mapokezi akaipokea, haelewi kitu. Njia nzima nilimchukia Baba kuliko nilivyokichukia kituo. Nilidhani amewaogopa wazungu.

Leo ninajua kwamba hasira yake iliizidi yangu. Angerudi na sufuria, wangebaki watu waliomlishia mbuzi bure. Alipoiacha, walibaki watu waliopokea shukrani na mbuzi hawakumrudisha. Kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo, na Baba aliwatukana kwa sombe ya Mama, ikiwa bado ya moto.